Uzi: Bethdei ya mwanachuo katikati ya UE, ipangwe vipi isimharibie mtu pepa

#1 MratibuWaKozi

Wakuu, poleni na msuli.

Kila Februari na kila Julai swali ni lile lile: mwenzetu anazaliwa tarehe fulani, UE (mitihani ya mwisho wa semester) imeshaanza, tufanye nini? Wengine wanamvizia saa 6 usiku na ndoo za maji, wengine wanasema tusubiri mpaka pepa ya mwisho. Msimamo wangu ni kwamba njia zote mbili ni mbaya. Ya kwanza inamnyima usingizi mtu mwenye pepa saa 2 asubuhi. Ya pili inakosa watu, kwa sababu ratiba za kozi haziishi siku moja. Anayemaliza Jumanne, Jumatano yuko stendi ya Magufuli, Mbezi, anatafuta basi la kwao, na hosteli nayo inataka funguo zake. Ukisubiri mwisho, unabaki na keki na watu watatu.

Kinachofanya kazi ni kikao kifupi chenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kiwekwe kwenye pengo la ratiba, hata kama si tarehe yenyewe. Hatua ni hizi.

Chukueni ratiba ya mwisho iliyotolewa na chuo, msitumie rasimu. Rasimu ya kwanza na ya pili hubadilika kozi zikigongana, na pengo mliloliona wiki iliyopita linaweza kuwa limeshajazwa. Andikeni kwenye karatasi moja majina ya waalikwa upande wa kushoto na tarehe juu, kisha kila mtu aweke A kwa pepa ya asubuhi na M kwa ya mchana. Watu kumi mnamaliza kwa robo saa.

Halafu tafuteni siku yenye sifa mbili. Mwenye siku asiwe na pepa ndani ya saa 36 zinazofuata. Mwalikwa asiwe na A kesho yake. Ikikosekana siku inayowafaa wote, mwenye siku ndiye wa kuangaliwa kwanza, wageni wenye A wapite dakika 10 na kuondoka na kipande chao kwenye foili. Asinuniwe mtu kwa hilo.

Saa ninayoipendekeza ni 10:30 hadi 12:00 jioni. Pepa ya mchana ikianza saa 8 na kuchukua muda wa saa tatu, anayetoka saa 11 anakuta bado saa nzima. Jua la Dar huzama karibu saa 12:20 mwezi wa Julai na karibu saa 12:50 Februari, kwa hiyo wanaoswali Magharibi wanaiwahi bila kukimbizana, na usiku mzima unabaki wa kusoma na kulala.

Kwa nini naweka ukali kwenye muda? Katika vyuo vingi vya kwetu UE ni alama 60 na koswek (kazi na majaribio ya katikati ya semester) 40. Ukiteleza unaenda sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu hata uiandike vizuri kiasi gani, inayoingia kwenye matokeo ni C. Kikao cha kumfurahisha mtu kisimgharimu GPA.

#2 Kimbweta_Na3

Nakuunga mkono, ila ongeza suala la mahali. Watu hukimbilia vimbweta (sehemu za kusomea za nje) kwa sababu vina meza na taa. Wakati wa UE vimbweta ni vya wanaosoma. Ukiweka keki pale saa 11 jioni unawahamisha watu wanane wenye past pepa mkononi. Korido ya hosteli nayo hapana, sauti inapiga ukutani na kuingia vyumba vyote.

Tafuteni nyasi nyuma ya bweni, upande usio na madirisha ya chumba cha kusomea, au gheto la mmoja wenu nje ya chuo. Mtandike kanga au mkeka. Spika iachwe chumbani, wimbo wa kumpongeza uimbwe kwa mdomo, unaisha ndani ya dakika moja na haujamkera mtu.

#3 Ummu_Notsi

Kwenye pesa ndipo urafiki unapokwama, kwa hiyo tuliweke wazi.

Wakati wa UE bumu, yaani pesa ya mkopo, limeshakatika kwa wengi. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwa hiyo unapomwambia mtu "toa elfu kumi tu" unamwomba siku yake nzima. Wekeni 5,000 kwa kichwa iwe dari. Asiye nayo alete kazi: kubeba maji, kwenda kuchukua keki, kuosha vyombo. Orodha ya waliochanga isibandikwe kwenye grupu lenye watu wote. Mweka hazina amtumie kila mtu ujumbe wake peke yake.

Mkiwa kumi mna 50,000. Mgawanyo wake: keki isizidi 25,000, vinywaji 8,000, vitafunwa 10,000, na 7,000 ya usafiri na dharura. Kama muuzaji wa keki anataka zaidi ya 25,000, punguzeni uzito wa keki, msiongeze mchango. Keki huuzwa kwa kilo, na kilo moja inawatosha watu kumi kwa vipande vya gramu 100. Keki ya ghorofa mbili kwa watu kumi ni ya kupigia picha, nusu yake inatupwa.

Pesa ikusanywe siku tano kabla na ifungwe siku tatu kabla, kwa sababu waokaji wengi wanataka advansi ya nusu na siku mbili za kujiandaa. Mwambieni kila mtu atume na ya kutolea. Muuzaji akiwa na Lipa Namba mlipeni humo, ile ya kutolea inabaki kwenu na inanunua maji. Picha ya muamala iende kwa wote waliochanga.

#4 MlinziWaKoridoo

Ombi kwa wanaopanga kupika chumbani: acheni. Jiko la umeme la plate moja linavuta wati 1,500 hadi 2,000. Kwa volti 230 hiyo ni ampia 6.5 hadi 8.7, na saketi moja ya hosteli inalisha vyumba kadhaa vyenye pasi, birika na laptop. Swichi kuu ikianguka saa 2 usiku, korido nzima imezimiwa taa siku ya kuamkia pepa. Mbali na hilo, kupika chumbani kumekatazwa na sheria za hosteli nyingi, na huu si wakati wa kuitwa ofisini.

Mishumaa pia iangalieni. Kwenye vyumba vya vitanda vya deka, chandarua kinaning'inia sentimita chache kutoka kwenye keki. Washeni nje.

#5 MpishiGheto

Basi nami niseme ya keki, maana 25,000 yote haina haja ya kwenda kwa muuzaji kama kuna mtu ana gheto lenye baraza na jiko la mkaa. Hii ni ya watu kumi, chombo cha duara cha sentimita 20 chenye kina cha 7.

Unga wa ngano gramu 350, sukari 200, siagi 175, mayai 4, maziwa mililita 140, beking pauda vijiko 3 vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu, chumvi kidogo, vanila kijiko 1 cha chai. Ganda la limau lililokwaruzwa likipatikana litie, linakata harufu ya mayai.

Mayai na siagi vitoke kwenye friji saa moja kabla. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Yai la baridi likikutana na siagi laini mchanganyiko unakatika na kuwa kama maziwa mgando, na keki inatoka nzito. Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka rangi igeuke nyeupe, kwa mkono ni kama dakika 12. Tia yai moja, piga likapotee, ndipo la pili. Ukiona linaanza kukatika, ongeza kijiko cha unga. Chekecha unga na beking pauda pamoja, utie kwa awamu tatu ukipokezana na maziwa. Kuanzia hapa usipige tena, geuza tu taratibu mpaka usione unga mkavu. Ukiendelea kupiga, unga unavuta kama wa chapati, na keki inakuwa ngumu.

Moto sasa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu sentimita 2 chini yake, funika na upashe dakika 15. Chombo cha keki kipakwe siagi na kitandikwe karatasi. Makaa yagawe mafungu matatu: moja chini, mawili juu ya mfuniko. Ukiweka mengi chini, kitako kinaungua dakika ya 20 na katikati bado uji. Usifunue kabla ya dakika 30, hewa ya baridi ikiingia kabla keki haijashika, katikati inazama. Kati ya dakika 45 na 55 choma kwa njiti, ikitoka kavu epua. Juu ikipasuka kama ardhi ya kiangazi, makaa ya juu yalikuwa makali mno mwanzoni. Haina shida kwa ladha, krimu itafunika.

Iache kwenye chombo dakika 10, geuza, kisha ipoe saa mbili kamili. Wenye haraka hupaka krimu keki ikiwa vuguvugu, na krimu yote inateremka kwenye sinia.

Krimu ya Februari si ya Julai. Februari Dar ina joto la nyuzi 32 mchana, na siagi inalainika na kuanza kuyeyuka hapo hapo. Tumia nusu siagi na nusu mafuta ya mgando ya kupikia, gramu 125 kila moja, na sukari laini ya unga 350 iliyochekechwa, maziwa vijiko 2 vya chakula. Julai unaweza kwenda na siagi tupu. Krimu nyeupe ya kupiga, ile nyepesi, msiiagize Februari kama hakuna friji ya kuifikisha mpaka dakika ya mwisho.

Na jiko la mkaa likae nje au barazani, asubuhi au jioni, hata mvua ikinyesha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na chumba cha gheto chenye dirisha moja kinaua watu wakiwa wamelala.

#6 Komredi254

Salamu kutoka upande wa Kenya. Huku vyuo vingi CAT (majaribio ya katikati ya semester) ni 30 na mtihani 70, kwa hivyo kishindo ni kikubwa zaidi. Naongeza mambo mawili.

La kwanza, usafiri wa keki. Bodaboda haifai kabisa, krimu hugonga kifuniko kwenye tuta la kwanza. Chukueni tuktuk au teksi, boksi likae sakafuni palipo sawa, si mapajani, kwa sababu paja linainama na joto la mwili linapanda kwenye kadibodi. Kitambaa chenye maji kidogo chini ya boksi kinalizuia kuteleza.

La pili, zawadi. Msimu huu msinunue fremu za picha. Mpatie bando la wiki, umlipie kuchapisha past pepa za miaka mitano, kalamu nne za wino wa rangi anayoitumia, betri ya kikokotoo, au mlo wa siku tatu uliolipiwa kabisa kwa mama wa chakula. Hilo la mwisho linamwokolea pesa na pia muda wa kupanga foleni.

#7 NesiZamu

Upande wa afya nitasema machache.

Usingizi ndio unaoweka kichwani ulichosoma mchana. Anayekesha kwenye sherehe halafu akakesha tena kufidia amepoteza usiku mara mbili. Saa 7 za kulala kabla ya pepa, ukizihesabu kurudi nyuma kutoka saa 12 asubuhi, zinataka awe kitandani saa 5 usiku.

Kahawa na vinywaji vya enaji: nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya kama saa tano. Kopo la saa 12 jioni bado linafanya kazi saa 5 usiku. Lebo nyingi za enaji huandika karibu miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni kama 150, zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa. Kwenye kikao cha jioni wekeni maji, juisi ya ukwaju na soda. Pombe isiwepo. Hata kidogo inavuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Chakula: wali au pilau uliopikwa asubuhi na kukaa kwenye hotpoti vuguvugu mpaka jioni ndio unaopeleka watu zahanati. Kuna bakteria wa wali ambao kuupasha moto tena hakuondoi sumu yao. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali saa moja. Chagueni vitu vikavu: karanga, kashata, sambusa za moto zilizotoka kukaangwa, ndizi mbivu, chapati. Na mwenye siku asijaribu chakula ambacho hajawahi kukila, aone kama tumbo litakubali siku nyingine.

#8 Kimbweta_Na3

Hakuna aliyegusa kumwagiana maji, na hilo ndilo hufanyika hata kama hamkulipanga.

#9 MratibuWaKozi

Kweli, na nilitaka tulizungumze kwa uzito. Kumwagia maji mwenye siku ni furaha yetu, siikatazi. Ila wakati wa UE ina masharti.

Kabla ya tone la kwanza, mtu mmoja aliyeteuliwa amvue simu, kitambulisho cha chuo, miwani na notsi. Kitambulisho kikiloa na kubanduka, msimamizi wa mtihani ana haki ya kukukatalia mlangoni, na kukipata kingine ni ripoti ya polisi, benki na foleni. Laptop isiwe ndani ya mita kumi.

Ifanyike nje kwenye nyasi, si kwenye vigae. Kigae chenye maji na sabuni kinavunja mkono, na mkono wa kulia ndio wa kuandikia. Maji yawe ndoo moja ya lita 20, kwa watu wote. Hosteli nyingi maji ni ya mgao, na anayeamka saa 11 alfajiri kuoga kwa ajili ya pepa akute ndoo zake zimejaa.

Unga na rangi za unga zisirushwe usoni. Jicho likiwasha siku mbili, kusoma hakuendi. Mayai nayo ningesema acheni, mayai manne ni keki nzima ya MpishiGheto. Kama yamemwagika tayari, nywele zioshwe kwa maji ya baridi kwanza. Maji ya moto yanalipika yai kichwani na linaganda kwenye nywele, kwa mwenye rasta au aliyesuka ni kazi ya nusu siku.

Na mwenye siku aulizwe siku moja kabla. Siyo kila mtu anataka. Kuna wenye pumu, kuna wenye hijabu, kuna wenye hofu ya pepa wanaojikaza tu. Akisema hapana, maji yasimwagwe.

#10 MwakaWaTatu_Elim

Swali: pepa ikiwa asubuhi ya tarehe yenyewe tunafanyaje? Na kama kuna wanaofunga?

#11 Ummu_Notsi

Kwa siku ya pepa: ujumbe wa heri mmoja kwenye grupu usiku kabla ya saa 3, baada ya hapo kimya. Msimpigie saa 6 usiku. Asubuhi rafiki mmoja tu ampelekee chai na maandazi saa 12:30, amkumbushe kitambulisho, namba ya mtihani na kalamu, wamalizane. Afike ukumbini nusu saa kabla. Katika vyuo vingi ukichelewa zaidi ya nusu saa tangu pepa ianze huingii. Akitoka asiulizwe swali la tatu kalijibu vipi. Kama ana pepa nyingine kesho, keki isogee mpaka pengo lililo kwenye ile karatasi yenu.

Wanaofunga: Ramadhani ya 2026 na ya 2027 zote zinagusa Februari, kwa hiyo semester ya kwanza inahusika moja kwa moja. Saa 10:30 haifai hapo. Unganisheni na futari. Maji na tende kwanza, uji, viazi au tambi, watu wakaswali Magharibi, wakirudi ndipo keki inakatwa. Kutoka adhana ya Magharibi mpaka ya Isha mna kama saa nzima. Vipande viwe vidogo, gramu 60 hivi, kwa sababu tumbo limetoka kufungua. Wasiofunga wachange sawa na wote, na wasipewe keki mapema mbele ya wenzao.

#12 Komredi254

Na keki ikibaki?

#13 MpishiGheto

Isiyo na krimu, ikifungwa kwenye foili na kuwekwa ndani ya kopo lenye mfuniko, Julai inakaa siku tatu bila friji. Februari usivuke siku mbili, ukungu unaanzia chini palipo na unyevu. Yenye krimu ya siagi na mafuta, usiku mmoja chumbani, kesho yake iliwe na chai. Krimu nyeupe ya kupiga ikikosa friji imalizwe hapo hapo. Mkate vipande vya watu wenye A kwanza, kabla hamjaanza kulishana, maana wao ndio mara nyingi wanakuta sinia tupu.